Mawe ya bafuni yamepauka, yana madoa au hayakauki: anza hapa kabla hujamwaga dawa nyingine

Karibu kila wiki napata ujumbe wa aina moja, picha ya ukuta wa bafu halafu maneno mawili matatu, fundi hii imekuwaje, fundi nipake nini. Kabla sijajibu huwa nauliza swali moja tu, umeshamwaga nini hapo? Manake kwa miaka yote niliyofanya kazi ya mawe, Dar na kidogo Mombasa, mawe mengi niliyoyakuta yameharibika hayakuharibiwa na maji, yaliharibiwa na dawa ya kuyasafishia.

Kitu kimoja ukishike, ndo kitakuongoza humu mote. Tatizo la jiwe la bafuni liko sehemu tatu tu: juu ya jiwe, ndani ya jiwe, au nyuma ya jiwe. La juu unalitoa kwa kusafisha au kusugua, la ndani unalivuta taratibu litoke, la nyuma usihangaike nalo na sabuni kabisa, hapo kuna maji na kazi yako ni kutafuta yanatokea wapi.

KWANZA HAKIKISHA NI JIWE KWELI

Hapa kwetu kigae chochote watu wanakiita marumaru, hata kile cha kauri cha kiwandani, na hilo ndo linaponza wengi, kwa sababu kauri ukiimwagia siki haina habari ila marumaru ya mlimani inaungua. Angalia mchoro. Ukikuta vigae viwili vina mistari ileile ujue ni vya kiwandani, jiwe la kweli halina pacha. Angalia na pale bomba linapotokea ukutani, vuta kile kisahani cha chuma kinachofunika tundu uchungulie ukingo uliokatwa, kauri nyingi ina rangi juu na udongo ndani, jiwe ni lilelile mpaka mwisho wake.

Halafu tafuta kipande kilichobaki wakati wa ujenzi, kama hakipo basi kona iliyojificha kabisa, weka tone moja la ndimu na usogeze jicho karibu. Kama ni marumaru au travatini utaona vipovu vidogo vinachemka kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, ukifuta baada ya dakika moja pamebaki duara lisilong'aa. Hilo jiwe ni jamii ya chokaa, iwe Carrara ya Italia, travatini ya Uturuki au marumaru ya Kajiado kule Kenya, zote asidi inazila. Graniti haitoi povu, sleti nyingi, yale mawe ya matabaka, pia hazitoi. Jiwe la Mazeras, lile la kule nyuma ya Mombasa ambalo watu wanapenda kuliweka chini ya shawa kwa sababu halitelezi, ni mchanga ulioshikana, lenyewe shida yake kubwa sio asidi, shida yake linakunywa maji.

Jaribio la pili ni tone la maji safi kwenye jiwe lililokauka. Subiri dakika 10. Tone likibaki limesimama, sila bado inafanya kazi, yani ile dawa inayoziba vinyweleo vya jiwe. Jiwe likigeuka rangi ya giza chini ya tone, basi linakunywa kila unachooga nacho.

Na usalama, naomba usiruke hapa. Usichanganye jiki na dawa yoyote yenye asidi, wala usimwage moja juu ya mabaki ya nyingine, inatoka gesi ya klorini na kwenye bafu dogo lisilo na dirisha hiyo gesi inaua. Shawa ya umeme izime kwenye meni swichi kabla hujaanza kurushia maji ukuta, usitegemee ile swichi ya pembeni peke yake. Na kama bomba au ukuta unakupiga shoti hata kidogo, hata kama unaihisi tu kama sisimizi, maelezo haya yanaishia hapo, zima umeme wote umwite fundi umeme leo leo.

JIWE LIMEPAUKA, HALING'AI TENA

Hili ndo naulizwa kuliko yote. Sababu kwa mpangilio wa ninavyozikuta: ukoko wa sabuni na chumvi za maji, kisha kuungua kwa asidi, kisha mikwaruzo ya steliwaya na sabuni za unga.

Ukoko uko juu ya jiwe. Huku Dar nyumba nyingi zinatumia maji ya kisima, na visima vya karibu na bahari vina chumvi, kila ukioga matone yanakauka ukutani na kuacha kidogo, mwaka ukiisha una tabaka. Jaribu hivi: lowanisha sehemu ndogo kwa maji na tone la sabuni, chukua wembe mpya, ulaze karibu ulale kabisa kwenye jiwe, sukuma taratibu. Ukiona unga mweupe unakusanyika mbele ya wembe na chini yake jiwe linang'aa, shukuru, jiwe lako zima, limefunikwa tu. Wembe ni kwa jiwe lililong'arishwa peke yake, Mazeras au sleti usizifanyie hivyo, hizo tumia brashi ya nailoni. Endelea sehemu ndogo ndogo, wembe ukipata kutu au pengo utupe. Sabuni tumia ile ya mawe ambayo haina asidi wala magadi, kwenye chupa wanaandika pH 7, ukiikosa weka matone machache ya sabuni ya vyombo isiyo na limau kwenye ndoo ya maji, ila suuza sana kwa sababu sabuni yenyewe ikibaki ndo inaanza ukoko mpya. Baada ya hapo nunua mpira wa kukaushia vioo, kila mtu akimaliza kuoga avute maji ukutani, nusu dakika tu.

Sasa kama umekwangua na chini bado pamepauka, au pale palipopauka pana umbo la mchirizi, tone, duara la chupa ya shampuu, hiyo ni asidi. Huo sio uchafu, ni jiwe lenyewe limeliwa, kwa hiyo hakuna sabuni duniani itakayolirudisha. Nimeingia nyumba moja Mbezi, wageni walikuwa wanakuja Idi, dada wa kazi akaambiwa bafu liwe jeupe, akamwaga dawa ya choo ya asidi kuanzia juu ikateremka. Nilivyofika mistari saba ilikuwa imesimama toka usawa wa bega mpaka sakafuni, ukipitisha kidole unaisikia kama vijifereji, na mama mwenye nyumba alikuwa bado anaisugua kwa siki akidhani dada hakusugua vizuri. Yule binti alikuwa ameshagombezwa wiki nzima. Nikamwekea mama tone la siki kwenye kipande kilichobaki stoo, akaangalia linavyochemka, akanyamaza, halafu akaenda kumwita dada aje naye aone.

Namna ya kurekebisha inategemea jiwe limeliwa kiasi gani. Ukipitisha kucha huhisi kitu, ni mng'ao tu umeondoka, nunua poda ya kung'arishia marumaru, weka kidogo na maji iwe kama uji mzito, sugua kwa kitambaa cha pamba au feliti ukibonyeza kwa nguvu dakika mbili tatu, futa, suuza, angalia. Rudia mara mbili tatu. Anza na kigae cha kona, sio kile cha katikati ambacho kila mgeni anakiona.

Kama unahisi ukwaruzo kwenye kucha, poda haitoshi, hapo zinaingia pedi za almasi na maji. Namba ikipanda pedi inakuwa laini zaidi: unaanza namba 400, unakwenda 800, 1500, mpaka 3000, iliyoliwa sana unaanzia 200 au chini zaidi. Usiruke namba, ukiruka mikwaruzo ya pedi ya nyuma inabaki na hutaiona mpaka taa ya usiku iwashwe ndo inatokea yote. Fanya kigae kizima, sio doa peke yake, ukichimba doa peke yake unatengeneza shimo na mwanga unalionyesha. Kigae kimoja kwa pedi za mkono inawezekana kabisa, mkono utauma ila inawezekana.

Simama hapa uite fundi kama ni ukuta mzima, au kingo za vigae zimepishana na unataka zisawazishwe. Usichukue grenda ya kawaida ukafunga pedi, ile inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, inaunguza jiwe, na ni mashine ya umeme mkononi mwako kwenye maji. Fundi wa mawe anatumia mashine ya mzunguko wa polepole yenye maji, imechomekwa kwenye breka inayokata umeme ukivuja.

Kwa sakafu ya shawa mimi siku zote nashauri usirudishe mng'ao. Ishia pedi ya 400, jiwe libaki mororo lisilong'aa. Alama za asidi hazionekani sana na bibi au mtoto hatelezi.

NILIPAKA SILA AU VANISHI, SASA KUNA UKUNGU MWEUPE

Kama ni ukungu wa kunatanata uliotokea siku ileile, sila ilizidi na haikufutwa. Paka sila hiyohiyo kidogo juu yake, itayeyusha ile iliyokauka, futa haraka kwa kitambaa kikavu mpaka jiwe lisinate tena. Dirisha wazi, na hakuna kibiriti.

Kama ni vanishi ya kung'aa, ile inayokaa juu kama ngozi, na imeanza kuwa nyeupe kama maziwa au inabanduka magamba, maji yako chini yake yanataka kutoka na hayana njia. Hiyo inatolewa yote kwa dawa ya kuondolea rangi isiyo na asidi, jiwe linaachwa likauke wiki, na vanishi hairudi tena. Sijawahi kuona vanishi iliyodumu chini ya shawa na sipaki hata mtu akinilipa. Sila ya jiwe la bafuni ni ile inayozama ndani isiyoonekana.

MADOA YA NJANO, KAHAWIA, AU YA MAFUTA

Haya yako ndani. Angalia umbo na mahali kwanza, umbo linakwambia karibu kila kitu.

Doa jeusijeusi kama jiwe limelowana ila halikauki, usawa wa kuwekea chupa: mafuta, mara nyingi ya nazi au ya nywele. Doa la chungwa au kahawia sakafuni, lenye umbo la mguu au matone: hina. Hiyo nakutana nayo sana nyumba za pwani baada ya harusi, bibi harusi anasuuzwa hina palepale kwenye marumaru nyeupe. Duara la kutu lenye ukubwa wa kopo: kopo la povu la kunyolea. Michirizi ya kutu kutoka kwenye shawa kushuka: chuma kwenye maji ya kisima au bomba la zamani. Na njano inayosambaa bila umbo, imeanzia vigae vya chini inapanda: hiyo iweke pembeni, nitairudia.

Dawa ya madoa ya ndani ni kandiko, yani udongo unaobandikwa unyonye doa. Udongo mzuri ni kaolini, ule mweupe, na hapa kwetu upo, vilima vya Pugu kule Kisarawe vina kaolini nyingi. Ukikosa, soda ya kupikia inafaa. Kwa mafuta changanya na asetoni, kwa hina na madoa ya mimea changanya na haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa. Iwe nzito kama siagi ya karanga. Lowanisha doa kwa maji safi, paka unene wa kama sentimita 1 upite mpaka wa doa kidogo, funika na karatasi ya nailoni, ziba pembeni kwa utepe, acha saa 24 mpaka 48. Kisha toa nailoni uache udongo ukauke wenyewe kabisa, hapa watu wengi wanakosea wanaubandua ukiwa mbichi, na kule kukauka ndo kunakovuta doa. Bandua kwa kipande cha plastiki, suuza. Doa la mwaka mzima linaweza kutaka mara tatu nne, usikate tamaa mara ya kwanza. Peroksaidi kwenye jiwe jeusi jaribu kona kwanza, inaweza kulipausha, na asetoni ni mchezo wa moto, madirisha wazi na umeme wa bafuni umezimwa.

Kutu ni ngumu, nakwambia ukweli. Jiki usiiguse hapo, jiki inafanya kutu izidi kukomaa. Zile dawa za kutoa kutu za nguo na bati nyingi ni asidi, kuna zenye asidi ya haidrofloriki ambayo inakula mpaka graniti na ikikugusa ngozi inaingia ndani mpaka mfupa, tena unaweza usisikie maumivu mpaka baadaye. Kutu ya juu juu ya kopo jaribu kandiko maalumu la kutu la mawe. Lisipotoka, ita fundi.

MASHIMO, MAGAMBA, JIWE LINABANDUKA

Travatini kwa asili yake ina mashimo, kiwandani yanazibwa na miaka ikipita viraka vinatoka. Sio ugonjwa. Safisha shimo kwa mswaki, acha likauke siku mbili, ziba kwa grauti, yani ile simenti ya kujazia mistari kati ya vigae, laini isiyo na mchanga ya rangi inayoendana au gundi ya epoksi ya mawe, kwangua iliyozidi kabla haijawa ngumu.

Sleti na Mazeras zikitoa magamba ni habari nyingine. Gamba moja moja kwenye jiwe jipya ni kawaida. Yakiendelea, na ukibandua gamba unakuta unga mweupe chini yake, ni chumvi, maji yanaingia kwa nyuma, yanakauka kwa mbele, chumvi inabaki ndani na kukua mpaka inapasua jiwe. Ukipaka sila hapo unaifungia chumvi ndani na magamba yanaongezeka. Nenda moja kwa moja sehemu ya mwisho.

GRAUTI NYEUSI, SILIKONI YENYE UKUNGU

Nyeusi ya juu sugua kwa brashi ya nailoni na peroksaidi, acha dakika 15, suuza. Ute wa pinki pembeni ya trepu, yani tundu la sakafuni linalopitisha maji machafu, ni bakteria wanaokula mabaki ya sabuni, sabuni na brashi inatosha. Weusi ukirudi ndani ya wiki, bafu halipumui, fungua dirisha au weka feni ya kutoa hewa.

Silikoni, ile ya mpira inayoziba kona, ikiingia ukungu haisafishiki, ikate yote uweke mpya. Na unaponunua, fungua mdomo wa ile chupa unuse. Ikinuka kama siki iache dukani, ile inatoa asidi inapokauka na inaacha mstari uliopauka pembeni mwa marumaru. Omba ya nyutro. Kona zote, ukuta na ukuta, ukuta na sakafu, ziwe silikoni, sio grauti, kwa sababu nyumba inatembea kidogo na grauti haijui kutembea, inapasuka, na pale ndo maji yanaanza safari ya kwenda nyuma.

UNGA MWEUPE UNATOKA KWENYE GRAUTI

Kazi ikiwa mpya ya miezi michache, ni chumvi ya simenti inatoka na unyevu wa ujenzi. Iondoe kavu, brashi na kitambaa, usimwage maji utairudisha ndani. Itapungua yenyewe. Kazi ikiwa ya zamani na unga unarudi palepale kila ukiufuta, kuna maji nyuma, ruka mpaka sehemu ya mwisho.

KIGAE KINALIA TUPU, AU KUNA UFA

Chukua shilingi ya chuma, gonga kigae katikati na kila pembe, sikiliza. Kilichoshika vizuri kinatoa sauti fupi kavu. Kilicho wazi nyuma kinalia kama debe. Chora kwa penseli kila kinacholia, ukimaliza rudi nyuma uangalie ramani yako. Kinacholia pembe moja tu, grauti yake nzima, hakichezi: kiache. Vinavyolia pembe zote na katikati hapana, kigae baada ya kigae: fundi aliweka mabumba ya gundi badala ya kutandaza, tunayaona mno haya, na ni hatari kwa jiwe kwa sababu ni zito. Kwenye sehemu ya maji gundi inatakiwa ishike angalau asilimia 95 ya mgongo wa jiwe. Nafasi iliyobaki inakaa maji.

Marumaru ya kijani ndo ngumu zaidi, nyingi zinapinda zikishikishwa kwa gundi ya maji, zinanyanyuka pembe kama karatasi. Hizo zinatolewa zinarudishwa kwa gundi ya epoksi, hakuna njia ya mkato.

Ufa nao sio wote ni ufa. Ule mstari wa asili ukipitisha kucha haikwami na haufuati njia ya jirani. Ufa wa kweli unakwama kucha. Ukiwa kwenye kigae kimoja kisicholia tupu, safisha, kausha, jaza epoksi ya mawe yenye rangi, kwangua kwa wembe, maliza na pedi. Ukivuka vigae viwili vitatu kwa mstari mmoja, ukuta au sakafu imetembea, usijaze, muite fundi muashi auangalie ukuta wenyewe.

Kigae cha ukutani kilichotuna au kinachocheza ukikibonyeza, kikiwa juu ya kiuno, acha kuoga humo. Kigae cha sentimita 60 kwa 60 cha marumaru kinaweza kukaribia kilo 20 kulingana na unene, na sakafu ikiwa na sabuni huna pa kukimbilia. Usijaribu kukibandua peke yako.

MAWE YAMEBAKI MEUSI, HAYAKAUKI

Hapa ndo nyuma ya jiwe, na wale niliowaambia waruke waje hapa, na ile njano inayopanda kutoka chini pia. Baadhi ya marumaru nyeupe zina chembe za chuma ndani yake tangu mlimani, zikikaa miezi kwenye maji zinapata kutu kutokea ndani, kwa hiyo hiyo njano ni jiwe linakuonyesha lilivyolowana.

Anza na rahisi. Siku 5 usiogee humo, feni au dirisha wazi mchana na usiku. Yakikauka yote ukarudi kuoga yakawa meusi tena taratibu, maji yanaingia kwa juu: kagua grauti na silikoni kona kwa kona, nyingi zinapona kwa kukata silikoni yote na kujaza grauti upya. Yasipokauka hata kidogo, endelea.

Funga koki zote za nyumba, usitumie choo, angalia mita ya maji, andika namba, rudi baada ya saa moja. Ikisogea kuna bomba la presha linavuja, pengine ndani ya ukuta huohuo, na hapo ni fundi bomba, sio wa mawe. Wenye tenki la juu mita haitawaambia kitu, nyinyi jazeni tenki, mfunge pampu, mpime maji kwa kijiti kabla na baada.

Mita ikitulia, ziba trepu kwa mpira, jaza maji kwenye beseni la shawa kama sentimita 5 yasivuke kizingiti, piga alama ya penseli, acha saa 24. Kupungua milimita moja mbili ni kukauka tu. Yakipungua zaidi, au dari ya chini ikalowana, tabaka la kuzuia maji limetoboka au halikuwekwa kabisa, toa maji mara moja. Na kama nyumba ni ya ghorofa na dari ya chini tayari ina doa, hilo jaribio usilifanye, utamwagia jirani, jibu umeshalipata.

Maji yakibaki palepale na bado jiwe ni jeusi kuzunguka trepu, kuna uwezekano mkubwa chini hakuna mteremko. Simenti iliyo chini ya jiwe nayo hupata maji, yanatakiwa yateremke yaingie kwenye trepu kupitia vitundu vyake vya pembeni, na fundi wengi wanavijaza simenti bila kujua kazi yake. Ukibahatika unafungua vigae vya kuzunguka trepu tu, unavizibua, unarudishia. Usipobahatika ni kuvunja sakafu yote.

Wakati wa kuvunja, jiwe lisikatwe kavu. Vumbi la graniti, sleti na Mazeras lina silika, inaharibu mapafu na hayaponi, kwa hiyo maji kwenye grenda yenye breka ya kukata umeme, na barakoa ya chujio, sio kitambaa cha usoni, hata kwa kijana anayebeba kifusi.

Na fundi akikwambia tabaka la kuzuia maji limekauka tutandaze jiwe leo, mwambie asubiri. Mteremko kwanza uupime, sentimita 1 kwa kila nusu mita kuelekea trepu, tena kwenye simenti ya chini, sio kwenye jiwe peke yake. Kisha zibeni trepu, mjaze maji, piga alama wewe mwenyewe kwa penseli, mlipe nusu ya siku hiyo kama anadai unamchelewesha, ulale, asubuhi uje na tochi uangalie ile alama kabla jiwe la kwanza halijashuka.